Kanda la Usufi

Wa kwanza alinipa bei kwa simu
kabla sijamaliza kutaja vyumba.
"Paundi mia mbili, mama, umekwisha kuhama."
Hakuuliza ngazi ni ngapi,
hakuuliza kama kuna kabati, au mbuzi ya kukunia nazi,
au vitabu vya marehemu, maboksi kumi na tisa.
Alitaka nusu ya pesa usiku ule ule,
na jina la akaunti si jina la kampuni.
Nikamwambia ngoja nivae miwani.
Mpaka leo naivaa.

Wa pili karatasi yake ilisukumwa mlangoni,
ina mashahidi sita wanaomsifu,
wote wanakosea neno lile lile.
Nikapanda basi kuifuata anwani, Attercliffe.
Nikakuta kinyozi.
"Wewe ni wa nne mwezi huu," akasema, wembe mkononi.
"Ukimpata wa kweli niambie, nami kodi imenishinda."
Nikamwachia namba yangu.

Binti yangu Raya akacheka mpaka akakohoa:
"Mama, unahama nyumba au unapokea posa?"
Nikamjibu: posa yako niliichunguza siku tatu tu,
kwa kuwa wewe una mdomo,
mambo yakiharibika utanipigia.
Meza hii itanipigia na nini?

Wa tatu alikuja mwenyewe, Jumanne,
kwenye ile mvua ya Sheffield isiyonyesha wala kuacha.
Bwana Outram. Alivua viatu bila kuambiwa,
soksi moja ina tundu.
Akahesabu ngazi kwa sauti: kumi na nne, kona, kumi na moja.
Akachungulia uvunguni, akaguna.
Mbele ya sofa ya kijani akasimama kitambo.
"Hii haikupita kwenye ngazi," akasema.
"Iliingia dirishani."

Nikakaa juu ya boksi.
Mei, mwaka wa tisini na sita:
Shaali na jirani yetu Mjamaika
waling'oa dirisha zima na fremu yake,
wakaivuta sofa kwa kamba za kuanikia nguo,
nami chini barabarani, mimba ya miezi minane,
nawagombeza kwa lugha tatu.
Jirani alikufa, kisha Shaali akafa,
nikadhani jambo hilo nimebaki nalo peke yangu.
Kumbe lilikuwa kwenye kizingiti,
mkwaruzo mdogo chini ya rangi mara tatu,
na mgeni ameusoma.

Bei yake: mia sita na arobaini.
Kwa maandishi, na bima, na orodha ya asichokiahidi:
vyungu ukivifunga wewe, vikivunjika ni vyako.
Nikasema nitafikiri.
Akasema fikiri, bei haiozi.

Usiku nikaizungusha hesabu, haikupungua.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, walisema,
na wale wawili walinipigia bei ya usufi.
Huyu aliguna.
Nilimchagua kwa ule mguno.

Ijumaa dirisha likang'olewa tena.
Sofa ikaning'inia juu ya barabara
kama ng'ombe anayepimwa uzito,
kijana wake Tadeusz akiipigia kelele kwa Kipolandi,
nami chini, safari hii nimenyamaza.

Jioni, Rotherham, nyumba isiyo na ngazi,
lori limefungwa, chai imemiminwa.
Outram akarudi, kofia mkononi.
"Mguu wa meza, mama. Ni sisi. Tazama."
Kovu la ukubwa wa ukucha,
ningesema ni la wajukuu.
Akatoa paundi thelathini, akaniandikia.
Nilizikataa mara moja.
Mara ya pili nikazipokea,
nilimwona hatatoka nazo.

Leo asubuhi simu imelia.
Kinyozi wa Attercliffe: siku zake zimefika,
ana viti vitatu na kioo cha ukuta mzima,
yule wangu anaitwaje?
Nimevaa miwani.
Nimemtajia herufi moja moja.